Mama Mzazi Asiachwe Peke Yake

Wakazi wa Kajiado, wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwanamke akipata uchungu wa kuzaa haoni haya kuita mkunga. Ila uchungu unaokuja baada ya kuzaa, ule wa moyoni, wengi huuficha.

Chukua mfano wa mama kijana anayeishi nyumba ya kupanga Kitengela. Mama yake yuko ushago, mumewe anatoka alfajiri na kurudi usiku. Mtoto halali. Mama haoni mbele, analia ovyo, chakula hakipiti. Siku moja anaonja pombe ili apate usingizi. Kesho yake anarudia. Majirani wakijua, wanamwita mlevi na kumkwepa. Aliyeanza na ugonjwa mmoja sasa ana miwili, na aibu juu yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupatwa na tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa msongo mzito wa mawazo. Huu si uvivu wala laana, na unatibika.

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na huisha yenyewe. Huzuni ikipita wiki mbili, mama aende kituo cha afya. Akianza kusikia sauti, au kusema afadhali afe au amdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu pombe, mjamzito hana kipimo kilicho salama. Lakini anayekunywa sana kila siku asilazimishwe kuacha ghafla nyumbani, kwa maana mwili unaweza kutetemeka na kushikwa na kifafa. Aache kwa msaada wa daktari. Kumfungia ndani au kumtukana hakumponyi.

Nani wa kumgundua mapema? Mtoto hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kila safari anapimwa uzito na kuandikwa kwenye kijitabu. Mama aliyembeba naye aulizwe: wewe je, unalala? Unakula? Kuna anayekusaidia? Wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walianza kazi rasmi nchini Septemba 2023, hutembelea nyumba kwa nyumba. Wakibisha hodi, wasifichwe.

Msaada wa karibu zaidi ni akina mama wenyewe. Mjini Harare, Zimbabwe, tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mtaani kuketi kwenye benchi na kumsikiliza mwenye mawazo mengi. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Kajiado haikosi mabibi wenye hekima, wala haikosi vyama. Chama kinachokutana kuchanga pesa kinaweza kutenga nusu saa kila mkutano ya kuulizana hali. Kanuni zake ni tatu: msikilize bila kuhukumu, yasemwayo pale yabaki pale, na likizidi uwezo wa chama, mwanachama asindikizwe hospitali. Asiagizwe tu, asindikizwe. Aliyewahi kupitia hali hiyo akapona ndiye mshauri bora, kwa maana mama mgonjwa anapomwona anaamini kuwa kuna kesho.

Akina baba nao wana kazi yao. Kumshika mtoto saa mbili usiku ili mama alale ni tiba, na haihitaji daktari.

Anayehitaji kuongea na mtu kuhusu pombe au dawa za kulevya apige 1192, laini ya NACADA. Kwa ushauri nasaha, Msalaba Mwekundu wa Kenya unapatikana kwa 1199. Kupiga simu zote mbili ni bure.

Wiki hii kila mkazi abishe hodi kwa jirani mmoja aliyejifungua. Amshike mtoto kwanza, kisha aulize: mama, wewe uko aje?