Wimbo Bila Kura ni Kelele: Funzo Kutoka Senegali

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya kikao cha wanaharakati na waumini)



Nilipowaarifu waandalizi kwamba nitazungumza juu ya muziki wa rap, huu tunaouita wa kufokafoka, mzee mmoja aliguna. Aliuliza wakili ana nini na kelele za vijana. Simlaumu, kwa kuwa nami niliwahi kuuliza swali hilo. Naomba leo nimjibu kama tujibuvyo mahakamani, yaani kwa ushahidi.

Ushahidi wangu unatoka Senegali. Abdoulaye Wade, wakili mwenzangu, alianzisha chama cha upinzani mwaka 1974 na kusubiri hadi mwaka 2000 ndipo aingie Ikulu. Katiba ya 2001, iliyopitishwa chini ya utawala wake mwenyewe, iliweka kikomo cha vipindi viwili. Hata hivyo, kipindi cha pili kilipokaribia mwisho, mzee huyo alitaka cha tatu. Cheo ni dhamana, lakini wengi wakikizoea hukigeuza urithi.

Mnamo Januari 2011, Dakar ilipokuwa ikiteseka kwa kukatikakatika kwa umeme, wanamuziki wawili wa kundi la Keur Gui kutoka mji wa Kaolack, Thiat na Kilifeu, waliungana na mwandishi wa habari Fadel Barro na wenzao kuunda vuguvugu la Y'en a Marre, maana yake “tumechoka”. Sheria za nchi yao zimeandikwa kwa Kifaransa. Wao walifoka kwa Kiwolofu, lugha ya sokoni na ya kituo cha basi. Mama muuza samaki ambaye hakuwahi kushika nakala ya katiba alielewa sasa kwamba katiba hiyo ni yake, na kwamba inachezewa. Hapa kwetu, Kalamashaka wa Dandora walikuwa wamefanya kazi kama hiyo katika miaka ya 1990, walipoyaeleza maisha ya mtaani kwa lugha ya mtaani wenyewe.

Lakini ndugu zangu, vijana wa Senegali hawakuishia kuimba. Walianzisha kampeni waliyoiita Daas Fanaanal, yaani noa silaha yako kabla ya kulala. Silaha yenyewe ilikuwa kadi ya mpiga kura. Waliunda vikundi vidogo mitaani, wakawahimiza wenzao kujiandikisha. Walihubiri pia juu ya Msenegali wa aina mpya: asiyetupa taka njiani, asiyetoa hongo, asiyengoja mkubwa amfanyie kila jambo.

Mwezi Juni 2011 serikali ilipeleka bungeni mswada ambao ungemwezesha mgombea urais, pamoja na makamu wake, kushinda katika duru ya kwanza kwa asilimia 25 tu ya kura. Tarehe 23 Juni wananchi walijaa mbele ya Bunge, na mswada ukaondolewa siku iyo hiyo. Tazameni uzito wa jambo hilo. Katika duru ya kwanza, Februari 2012, Wade alipata takriban asilimia 35. Kwa kipimo cha mswada ule, angekuwa amekwisha kushinda. Badala yake alilazimika kurudi kwa wapiga kura tarehe 25 Machi, na Macky Sall akamshinda kwa takriban theluthi mbili za kura.

Nasema hivi mbele yenu kwa unyenyekevu wa mtu wa sheria. Mwezi Januari mwaka huo Baraza la Katiba lilikuwa limemruhusu Wade agombee. Watu waliandamana, na baadhi walipoteza maisha. Hoja zetu mawakili hazikutosha. Kilichotosha ni wananchi wengi waliojua haki yao na waliokuwa na kadi mfukoni.

Sasa nijishtaki mwenyewe. Mwaka 2002 nilikuwa mwanafunzi wa sheria. Gidi Gidi Maji Maji walikuwa wametoa “Unbwogable”, wanasiasa wa NARC wakauchukua, nasi tukaucheza nchi nzima. Tulishinda Desemba, tukarudi nyumbani kulala. Tuliahidiwa katiba mpya katika siku 100. Tuliipata tarehe 27 Agosti 2010, baada ya damu kumwagika. Wanasiasa waliazima wimbo wetu, nasi hatukuwadai.

Wenzetu wa Senegali walikataa kulala. Walibaki walinzi, nao ulinzi huo ulihitajika. Sall naye, aliyebebwa na wimbi lile, alijaribu kuahirisha uchaguzi wa Februari 2024 baada ya miaka ya misukosuko, vifungo na vifo. Safari hii Baraza la Katiba lilitamka kwamba kuahirisha huko ni kinyume cha katiba. Uchaguzi ukafanyika tarehe 24 Machi, na Bassirou Diomaye Faye, aliyekuwa gerezani siku chache tu kabla, akachaguliwa katika duru ya kwanza. Sidai kwamba rap ndiyo iliyowapa majaji ujasiri. Nasema tu kwamba jaji hukaa wima zaidi anapojua kuwa nje ya mahakama wako watu wanaoielewa katiba.

Kwa hiyo, wazee wetu wa kanisa, nawaomba jambo moja. Wafungulieni vijana hawa ukumbi. Msiwangoje wabadili mavazi kwanza. Wasikilizeni, na pale wanapokosea wakosoeni kama wazazi. Nanyi vijana, wimbo wenu usiuzwe kwa mwanasiasa kwa bei ya fulana na nauli. Kila mnapopanda jukwaani, mwulizeni anayepiga makofi kama amejiandikisha.

Mzee wangu aliyeguna, ulisema kweli kwa upande mmoja. Wimbo bila kura ni kelele. Lakini kura bila wimbo nayo hulala, na mwizi hupenda nyumba iliyolala.