Chipu ya Injini na Mafuta ya Safari: Mazungumzo na Wamiliki na Madereva wa Malori



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kifaa kinachoitwa chipu ya injini. Kifaa hiki huuzwa madukani, katika gereji na kwa njia ya simu, kikiambatana na ahadi mbili: kwamba lori litapata nguvu zaidi, na kwamba litatumia mafuta kidogo zaidi. Ahadi hizo hutolewa pamoja, lakini hazina uzito sawa. Ya kwanza yaweza kuwa kweli kwa baadhi ya injini. Ya pili ni nadra kuthibitika, nayo ndiyo iletayo hasara na, mara nyingine, ugomvi baina ya mwenye gari na dereva wake.

Yafaa kwanza tujue tunanunua nini, kwa maana jina la chipu hubeba vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani, lile ambalo fundi huchomeka mashine ya kupimia gari. Vingi vya vidude hivyo vya bei nafuu, vinapofunguliwa, hukutwa na taa ndogo zinazomemeteka na hakuna chochote kinachoweza kubadili kazi ya injini. Cha pili ni kisanduku kinachofungwa kati ya sensa ya injini na kompyuta yake. Cha tatu si kifaa hasa, bali ni kazi ya fundi anayeandika upya programu iliyo ndani ya kompyuta ya injini. Na kama lori lako ni la zamani, lenye pampu ya mafuta isiyoongozwa na kompyuta, basi hakuna cha kuchomeka wala cha kuandika upya.

Kisanduku hufanyaje kazi? Katika injini za kisasa za dizeli, mafuta husukumwa kwenye nozeli kwa shinikizo kubwa mno, nayo kompyuta hupima shinikizo hilo kwa sensa. Kisanduku huidanganya kompyuta: huiambia kwamba shinikizo ni dogo kuliko lilivyo. Kompyuta, kwa kuamini, huiamuru pampu iongeze. Mafuta mengi zaidi huingia kwenye silinda, na kwa kuwa turbo huleta hewa ya kutosha kuyaunguza, nguvu huongezeka. Dereva ataihisi nguvu hiyo atakapopanda mlima Kitonga na mzigo. Basi muuzaji wa kisanduku cha namna hii hasemi uongo anapotaja nguvu. Mtengenezaji wa gari huacha akiba fulani katika injini, ili iweze kustahimili joto, milima, mafuta yasiyo safi na miaka mingi ya kazi. Chipu huichukua akiba hiyo na kuitumia leo.

Lakini tazameni nguvu hiyo imetoka wapi. Imetoka katika mafuta. Lita moja ya dizeli ina nishati ileile, iwe lori lina chipu au halina. Injini nzuri ya lori hugeuza asilimia arobaini na kidogo ya nishati hiyo kuwa kazi. Iliyobaki hupotea kama joto kupitia ekzosi na rejeta. Fundi mjuzi mwenye vifaa aweza, kwa kubadili wakati wa kupuliza mafuta, kupata nafuu ndogo, lakini aghalabu hewa chafu huongezeka. Anayeahidi kwa kisanduku kimoja kuokoa robo au theluthi ya mafuta anadai kwamba wahandisi wa viwanda vyote vya malori, wanaoshindana kwa miaka mingi kupunguza kila tone, wamepitwa na jambo ambalo yeye ameliweka ndani ya kisanduku.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelichunguza suala hili. Nchini Marekani, Shirika la Hifadhi ya Mazingira limechunguza au kupima vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kuokoa mafuta ya magari, na halikupata hata kimoja kilicholeta nafuu kubwa.

Kwa nini basi watu waaminifu husema, "Mimi nimefunga, na mafuta yamepungua"? Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni mguu wa dereva. Aliyelipia kifaa cha kuokoa mafuta huanza kuendesha kwa uangalifu, na sifa ya mguu wake hupewa kifaa. Ya pili ni dashibodi. Kiwango cha matumizi kinachoonekana pale hakipimwi kwenye tangi. Hukadiriwa na kompyuta kutokana na mafuta inayodhani imeyapeleka kwenye nozeli. Sasa, kompyuta iliyodanganywa kuhusu shinikizo hudanganyika pia kuhusu mafuta. Yaliyoingia ni mengi, yaliyohesabiwa ni machache. Kwa hiyo dashibodi huweza kuonyesha nafuu siku ileile ambayo tangi linaonyesha hasara.

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Tuchukue mfano. Lori lenye tela na mzigo linatoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, safari ya kilomita zaidi ya 900, na hutumia lita moja kwa kila kilomita 2. Kwa kilomita 900 litahitaji lita 450. Mwenye gari ameahidiwa kuokoa asilimia 20, naye amesoma dashibodi na kuridhika. Basi anapunguza mafuta ya safari hadi lita 360. Kwa matumizi yaleyale, lita 360 zitakwisha baada ya kilomita 720, kabla lori halijafika Mbeya. Dereva atapiga simu kuomba mafuta. Mwenye gari atauliza zilikokwenda lita 90, na jibu la haraka litakuwa kwamba zimefyonzwa na kuuzwa njiani. Mtu aweza kupoteza kazi kwa tuhuma ya wizi ambao haukutokea, na mwenye gari aweza kumpoteza dereva mwema, ilhali aliyeuza kisanduku hayupo kwenye kesi hiyo.

Kwa sababu hiyo ninawasihi: msibadili mafuta ya safari kwa maneno ya muuzaji wala kwa namba za dashibodi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kipimo cha haki hakihitaji mashine. Jazeni tangi hadi juu kabla ya kuondoka, andikeni kilomita, kisha mkirudi jazeni tena hadi pale pale, ikiwezekana katika pampu ileile. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika, pamoja na zile zilizoongezwa njiani kwa risiti. Fanyeni hivyo kwa safari tatu bila kifaa na safari tatu mkiwa nacho, kwa njia moja, dereva mmoja na mzigo unaolingana. Kisha kiondoeni kifaa na mpime tena. Nafuu ikibaki baada ya kifaa kuondoka, basi haikuwa ya kifaa. Mwenye gari na dereva wote wawili waweke sahihi kwenye daftari hilo.

Kabla ya kununua, pimeni pia gharama isiyoandikwa kwenye kasha. Mafuta yanayoongezwa huongeza joto la ekzosi, na joto hilo huumiza turbo na pistoni. Nguvu inayoongezwa hupita kwenye klachi, giaboksi na difu ambazo hazikuandaliwa kuibeba. Moshi mweusi unaoonekana mlimani ni mafuta mliyoyalipia ambayo hayakuungua yote. Na kama lori bado lina dhamana, mtengenezaji aweza kukataa madai ya injini iliyochezewa.

Yapo mambo yanayookoa mafuta bila kisanduku. Upinzani wa hewa hukua upesi kuliko mwendo: lori likitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, upinzani huo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Injini ya lori kubwa inayounguruma bila kwenda hutumia takriban lita 3 kwa saa. Saa 10 za foleni ya mizani au mpakani ni lita 30. Upepo sahihi wa matairi, chujio safi la hewa na breki zisizoganda havina tangazo, lakini faida yake huonekana kwenye daftari.

Mwisho ni haki zenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Mtakeni muuzaji aandike ahadi yake: asilimia ngapi, kwa gari gani, imepimwa vipi, na fedha zitarudishwaje isipotimia. Daini risiti ya EFD, hifadhini kasha na tangazo. Muuzaji anayekataa kuandika anachokisema kwa mdomo amekwisha kuwajibu. Na mkiwa mmepotoshwa, leteni malalamiko yenu pamoja na risiti, ahadi hiyo na daftari la safari. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini malalamiko yenye vipimo husikilizwa haraka kuliko malalamiko yenye hasira.