Kizibo Si Kipimo

Tangazo mmelisikia. Kila ikifika Agosti 31, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, wimbo ni uleule: waganga wajisajili, wauzaji wajisajili, asiye na cheti atachukuliwa hatua. Sawa. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 ipo, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa kazi hiyo. Redio hii haina ugomvi na cheti. Ugomvi wetu ni na chupa.

Nendeni mnadani. Chupa za maji za nusu lita, za kuokota, zimejazwa maji ya kahawia na kupangwa juu ya turubai. Spika inalia: gesi tumboni, chango, minyoo, vidonda vya tumbo, taifodi! Ndani kuna nini? Mwarobaini, anasema mwenye spika, na shubiri kidogo, na mizizi ambayo ni siri ya babu yake. Kiasi gani? Kizibo kimoja asubuhi, kimoja jioni, tumbo likikaza ongeza. Mchimbaji anayeshuka duarani, kizibo. Mtoto wa miaka miwili, kizibo hichohicho. Jina la dawa halijaandikwa, tarehe haijaandikwa. Kiasi gani? Chupa haisemi.

Hatusemi mitishamba ni uongo. Mwaka 1987 kule Mahale, Kigoma, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa miti, akiwa na mtafiti Michael Huffman, alimwona sokwe mgonjwa aitwaye Chausiku akivunja tawi la mjonso, mti mchungu ambao Watongwe nao huutumia kwa maradhi ya tumbo. Majani akayatupa, gome akalimenya, akatafuna kiini na kufyonza maji yake. Siku ya pili yake alikuwa amepata nafuu. Na majani yale aliyoyatupa ndiyo yenye sumu zaidi. Sokwe, jamani! Alijua ale sehemu ipi na aache ipi. Mwenye spika anachemsha vyote sufuria moja.

Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwatia watoto wadogo degedege, wengine wakafa, na madaktari wameliandika hilo. Utomvu wa njano wa mshubiri unasokota tumbo na kuharisha mpaka mwili unaishiwa maji. Mjamzito asiguse mwarobaini wala shubiri. Mwenye kisukari anayemeza vidonge vyake, akiongezea mwarobaini, sukari inaweza kushuka akaanguka. Kiasi gani basi ni salama? Chupa haisemi.

Na tumbo lenyewe ni tumbo gani? Huku Kanda ya Ziwa damu kwenye choo inaweza kuwa kichocho, na dawa yake ipo, ni vidonge. Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilipoingia mkoa wetu, mgonjwa alihitaji maji ya ORS na dripu, mara moja. Saa chache za kusubiri kizibo kifanye kazi zinatosha kumpoteza mtu.

Wahudumu wa zahanati, nanyi tumeshawaambia. Mgonjwa akisema amekunywa mitishamba, msimfokee. Mkimfokea leo, kesho ataficha, nanyi mtampa dawa juu ya dawa msiyoijua. Hili tumelisema, tunalisema tena, na tutalisema mpaka kufoka kukome.

Kwa hiyo Baraza, mkija huku kwetu Ushetu kukagua vyeti, kagueni na chupa! Pelekeni sampuli kwa Mkemia Mkuu, kisha mrudi na majibu hapahapa Nyamilangano, mbele ya watu. Muuzaji, andika! Andika mti gani, sehemu gani, umechemsha lini, nani asinywe. Kama huwezi kuandika, usiuze! Na wewe mayu, wewe mama, mtoto akiharisha usimkorogee kitu kichungu, mpe ORS na umbebe mgongoni uende zahanati sasa hivi. Kama ameshakunywa, chukua na ile chupa, hata kama kimebaki kizibo kimoja, ukaiweke mezani kwa daktari.