Kimo cha Moshi: Lida ya Angani na Hewa Tunayovuta



Kila kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, moto unaowashwa mashambani na kwenye savana za Angola, Zambia na kusini mwa Kongo hufuka moshi ambao upepo huusukuma magharibi hadi Atlantiki. Setilaiti nyingi hukadiria moshi wa namna hii kwa kujumlisha chembechembe zote zilizomo kati ya ardhi na ukingo wa anga. Wataalamu wa tabianchi wanaihitaji jumla hiyo, lakini binadamu havuti jumla. Huvuta hewa iliyo usawa wa pua yake. Hoja yangu ni kwamba lida, yaani kipimo cha leza, hutufaa zaidi kwa kutuonyesha kimo cha uchafu, na anayeitarajia impe uzito wa uchafu huo atapotoka.

Chombo hurusha mapigo mafupi ya leza kuelekea duniani, kikapokea nuru hafifu inayorudishwa na chembe. Muda wa kurudi ndio unaotoa kimo cha kila tabaka. CALIPSO, setilaiti ya Marekani na Ufaransa iliyorushwa Aprili 2006 na kufanya kazi hadi 2023, iliweza pia kutofautisha vumbi la jangwani na moshi, maana punje za vumbi zenye pembepembe huvuruga upande ambao nuru inatetema. Juu ya Atlantiki ya kusini-mashariki iliuonyesha moshi ukielea mara nyingi juu ya mawingu ya chini. Moshi uleule ungeshuka hadi usawa wa mji, wagonjwa wa pumu wangeuhisi siku hiyohiyo.

Wapo wanaosema njia ya leza ni nyembamba mno: doa lake ardhini lilikuwa na upana wa mita mia hivi, na mzunguko ulijirudia baada ya siku 16. Ni kweli, na haidhuru, kwa sababu ramani ya kila siku huchorwa na vyombo vingine. Lida kazi yake ni kuisahihisha modeli inayoigawa ile jumla kwa kimo. Pingamizi zito ni jingine. Moshi ukiwa mwingi, leza hufifia kabla ya kuupenya wote, na chini ya tabaka huonekana kuwa juu kuliko palipo hasa. Na kweli, vipimo vya kisiwani Ascension, katika Atlantiki hiyohiyo, mwaka 2016 na 2017 vilikuta moshi hata katika hewa ya chini kabisa. Tena CALIPSO ililazimika kukisia, kwa kila aina ya chembe, uwiano kati ya nuru inayorudi na inayopotea. EarthCARE, iliyorushwa na Ulaya na Japani Mei 2024, hutenganisha nuru ya molekuli za hewa na ya chembe, hivyo uwiano huo inaupima.

Unyevu, hata hivyo, unabaki. Chembe zinazofyonza maji hufura na kurudisha nuru nyingi ilhali uzito wake mkavu haujaongezeka, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021, mikrogramu 5 za chembe laini (PM2.5) kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, ni kidogo kiasi kwamba kosa hilo peke yake laweza kukizidi. Linasahihishwa na vipimo vya ardhini, kama vile vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala. Wizara inayofuta bajeti ya vipimo hivyo kwa kisingizio cha setilaiti inaiondolea setilaiti rejea yake.