Mkaguzi Akikataa, Aandike Sababu

(Maneno niliyozungumza kwenye kongamano la vijana wa kata)



Najua mlitegemea mwanafunzi wa sheria aje na Katiba. Nitafika huko. Leo naanzia kwenye swichi ya sebuleni.

Kila mtaa unaojengwa una ugomvi huu: fundi umeme anasema kazi imekamilika, mkaguzi anasema haijafika kiwango. Mwenye nyumba yuko katikati, hela imekwisha na giza liko palepale.

Tuwe wakweli kwanza. Mkaguzi si adui. Nyumba isiyo na ethi inaweza kuua: umeme ukivuja kwenye friji, anayeligusa ndiye anakuwa njia ya kwenda ardhini. Breka ikiwa kubwa kuliko uwezo wa waya, waya unaungua ukutani na breka imetulia tu. Na tunajua wapo mafundi wasio na leseni ya EWURA, wanaonunua mhuri wa mkandarasi ambaye hata nyumba hajaiona. Hao tusiwatetee.

Lakini kuna upande wa pili. Mtaani kwetu mama mmoja mwenye genge alikataliwa kwa neno moja: "Rudieni." Warudie nini? Fundi aliuliza, hakujibiwa. Wiki tatu baadaye akaja mkaguzi mwingine, akakuta waya zilezile na breka zilezile, akapitisha. Sasa niambieni, kiwango kilikuwa kwenye kitabu au kichwani mwa mtu?

Hapo ndipo penye tatizo, ndugu zangu. Sharti likikaa kichwani mwa mtu, fundi mzuri hawezi kujitetea, na fundi mbovu anapita kwa hela ya soda. Wote wawili wanajifunza kwamba kinachokaguliwa ni mfuko.

Sasa Katiba. Ibara ya 13(6)(a) inasema chombo kinapoamua haki za mtu, mtu huyo asikilizwe kikamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Utakataje rufaa dhidi ya neno "rudieni"? Tena mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria zetu. Basi na masharti ya wayaringi yamfikie fundi kwa Kiswahili.

Tudai mambo matatu. Moja, orodha ya ukaguzi, ukurasa mmoja, apewe kila mwombaji kabla fundi hajachimbia bomba la kwanza ukutani. Pili, mkaguzi akikataa aandike kasoro, kifungu, jina lake na tarehe. Tatu, fundi akipinga, aje mkaguzi mwingine ndani ya siku zinazojulikana. Hayo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji kalamu.

Na wakati tunadai, tuanze wenyewe. Ukimpa fundi kazi, muulize leseni. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kwa heshima, bila kugombana. Usipopewa, andika barua ya malalamiko kwa aliyekukatalia, ubaki na nakala, kisha uipeleke EWURA. Wasiojua kuandika barua hiyo, mimi na wenzangu wa chuo tupo nyuma ya ukumbi tukimaliza. Njooni na fomu zenu.