Bega la Mchukuzi

Wasikilizaji, habari za bima ya afya kwa wote mmekwisha kuzisikia, na sheria yake, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imekwisha kuelezwa na wanaoijua. Kwa hiyo hatutairudia. Linalotutia wasiwasi sisi wa Mwanza ni bega la mchukuzi.

Tunamkusudia mchukuzi wa mwalo wa Kirumba, ambaye huvuka ubao uliolowa kutoka mtumbwini, gunia la dagaa begani, hata asubuhi moja ya masika mguu ukamteleza, akatanguliza mkono ili ajikinge, na bega likachomoka mahali pake. Kiungo hicho Mola amekijalia wepesi wa kuzunguka kuliko viungo vyote, maana kichwa cha mfupa kimekaa juu ya kijisahani chenye kina kidogo. Na kwa sababu iyo hiyo ndicho kiungo kikubwa kitegukacho upesi kuliko vyote. Tangu zama za Bukrati Myunani matabibu walijua kuuvuta mkono hata kichwa kikarejea. Leo hutangulia picha ya eksirei, ijulikane kama mfupa nao umevunjika, jambo ambalo mkandaji wa mtaani, kwa nia yake njema, hawezi kulitambua kwa vidole.

Kisha mkono hutundikwa shingoni kwa kitambaa, na mtu huambiwa aende nyumbani. Nasi twasema: bega haliponi mlangoni pa hospitali. Hupona katika majuma yanayofuata, mkono uning'inizwapo na kubembezwa taratibu, vidole vipandishwapo ukutani, leo inchi moja, kesho mbili, na misuli irejeshewapo nguvu kabla ya kuonjeshwa mzigo. Asiyefanya hayo, bega huganda, hata kuvaa shati ikawa adha. Na kijana arejeaye mzigoni kabla ya wakati, bega aghalabu humtoka tena, na tena.

Nani atamlisha katika majuma hayo? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, hutegemea michango ya waajiri. Na mchukuzi huyu, abebaye leo mali ya huyu na kesho ya yule, mwajiri wake ni nani? Kwake ni Igogo, juu maweni, ambako hata njia ya kwenda nyumbani yataka mikono miwili, na watoto wanangoja unga. Siku ya kumi yumo mwaloni tena. Njaa ndiyo iliyokifungua kitambaa kile.

Bega haliponi mlangoni pa hospitali! Enyi msimamiao mialo, wekeni ngazi imara na mbao zenye vipago, kwa kuwa kila masika twalisema hili na kila masika watu wateleza. Enyi wenye shehena, mpeni majeruhi wenu kazi ya kuhesabu magunia hata mkono upone. Enyi mpangao kitita cha bima, yaandikeni humo mazoezi ya viungo, tena yafike Ukerewe, asilazimike mgonjwa kupanda kivuko kutoka Nansio ili afundishwe kuinua mkono. Nawe ndugu yetu mchukuzi, usikifungue kitambaa hicho kabla tabibu hajakuruhusu. Na akikuruhusu, simama mbele ya ukuta wako kila asubuhi, upandishe vidole.