Uvimbe Usio wa Saratani wa Tezi za Mate: Sura ya Seli na Utambuzi Wake

Tezi kubwa za mate ni jozi tatu: parotidi, iliyo mbele ya sikio na chini yake; ile ya chini ya taya; na ile ya chini ya ulimi. Mbali na hizo, mamia ya tezi ndogondogo yametapakaa kwenye kaakaa, midomo na mashavu. Uvimbe huota zaidi kwenye parotidi, na mwingi wa huko si saratani. Hali hugeuka kadiri tezi inavyokuwa ndogo: kinundu kwenye kaakaa hutia shaka kuliko bonge kubwa la chini ya sikio, ingawa mgonjwa, na pengine daktari, hudhani kinyume.

Unaoongoza ni adenoma pleomofiki, yaani adenoma ya sura nyingi. Wingi huo wa sura hautokani na seli kuharibika, bali na mchanganyiko wa vitu vitatu: seli za epithelia zilizojipanga kama vifereji, seli za mayoepithelia, na tishu ya katikati yenye ute, ambayo mahali pengine hukakamaa ikafanana na gegedu. Seli za mayoepithelia huwa nyembamba na ndefu, au za mviringo, au zenye kiini kilichosogea pembeni mfano wa seli plazima. Viini vyake vinalingana, na ni nadra kuziona zikigawanyika. Kwenye slaidi ya rangi ya Giemsa, ute huonekana kama nyuzinyuzi za zambarau zenye kingo zilizochanikachanika, na seli zimezama ndani yake. Mara nyingi jeni ya PLAG1 au HMGA2 huwa imehamishwa mahali pake.

Hila ya uvimbe huu iko kwenye ganda. Kwa macho hudhaniwa umefungika vizuri, lakini hadubini huonyesha ganda jembamba, lililokatika hapa na pale, na vidole vya uvimbe vimechomoza nje. Wapasuaji wa zamani walioukamua kutoka kwenye ganda waliacha mbegu, na uvimbe ulirudi baada ya miaka ukiwa vinundu vingi. Siku hizi hutolewa pamoja na tishu yenye afya inayouzunguka, huku neva ya uso ikilindwa. Ukiachwa miaka mingi, unaweza kugeuka saratani.

Uvimbe wa Warthin, uliopewa jina la mwanapatholojia wa Marekani Aldred Scott Warthin aliyeueleza mwaka 1929, karibu wote hupatikana parotidi, hasa kwa wavutaji sigara wenye umri mkubwa, na unaweza kutokea pande zote mbili. Seli zake hujipanga safu mbili, zikiwa za waridi na zenye punjepunje kwa wingi wa mitokondria. Chini yake kuna tishu ya limfu. Sindano huvuta majimaji ya kahawia, mithili ya oili chafu ya gari. Aina nyingine, kama adenoma ya seli za msingi, onkositoma, na adenoma ya vifereji inayopenda mdomo wa juu, ni nadra.

Utambuzi huanza na ultrasaundi na sindano nyembamba. Kukata kinyama kwa kisu kwenye parotidi huepukwa, maana humwaga seli na kuhatarisha neva. Majibu ya sindano hupangwa kwa Mfumo wa Milan, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2018, wenye makundi sita. Kundi la nne limegawanyika: uvimbe ulio dhahiri kuwa si saratani, na ule usiojulikana tabia yake. Mgawanyo huo ni wa haki. Adenoma ya seli za msingi na saratani yake hufanana sana seli kwa seli. Tofauti ni kuvamia tishu jirani, jambo ambalo sindano haioni. Saratani ya adenoidi sistiki nayo huiga, ila ute wake huwa vidonge vya mviringo vyenye kingo safi, bila seli ndani. Majimaji yenye seli chache yasiitwe Warthin kwa haraka: saratani ya mukoepidemoidi ya daraja la chini hujificha humo, hivyo sindano irudiwe kwa kuongozwa na ultrasaundi. Rangi za kinga kama S100 na p63 husaidia kuonyesha mayoepithelia, lakini peke yake hazitengi saratani na isiyo saratani.

Kwa hiyo slaidi isisomwe bila mgonjwa wake. Anayetuma sampuli aandike kwenye fomu tezi iliyohusika, muda wa uvimbe, kasi ya kukua, maumivu, na kama uso umepooza. Fomu iliyoandikwa "uvimbe shingoni" pekee irudishwe ikajazwe.